Nilifundisha Kihispania Modogashe, nikakosa maneno ya Halima

Wakuu, habari za humu ndani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu, sitakasirika.

Miaka ya tisini nikiwa kijana kutoka Machakos nilipata posting yangu ya kwanza, shule ya msingi karibu na Modogashe. Vumbi, malori ya kwenda Isiolo, na watoto wanaoongea Kisomali kutwa.

Zahanati ya pale ilikuwa na nesi Mhispania, tumwite Pilar. Jioni alinifundisha lugha yake kwa kadi. Kila kadi ina picha moja na kishairi cha mistari miwili. Mkataba wake ulipoisha akaniachia kadi zote.

Siku moja darasa la pili walikuwa wamelegea kwa jua, nikazitoa.

La cabra come,
la luna la mira.

Yaani mbuzi anakula, mwezi unamtazama. Wee! Darasa liliimba mpaka kengele. Perro, yaani mbwa, wao walisema "berro". Nikaacha hivyo hivyo, ilikuwa tamu zaidi.

Hedimasta alichungulia. "Mwalimu, hii iko kwa mtihani?"

"Hapana."

"Basi funga mlango."

Sasa, kulikuwa na Halima, miaka minane hivi. Tangu mama yake afariki alikuwa haongei na mtu. Mwaka mzima.

Siku ya kadi ya ngamia nikasikia sauti kutoka nyuma: "El camello."

Alikuwa yeye. Kuanzia hapo akawa anatunga vishairi vyake vya Kihispania, anavichorea picha kwenye mchanga. Labda lugha ile haikuwa na msiba ndani yake, sijui.

Kisha mvua ikakosekana. Baba yake akaja shuleni.

"Mwalimu, mbuzi nakufa. Kesho sisi nahama, naenda Elwak."

"Mzee, mwache Halima asome. Nitamtafutia pa kulala."

"Mwalimu, mimi nabaki na huyu tu."

 

Asubuhi nikaenda kuwaaga. Baba na ngamia walishatangulia. Halima akanikimbilia, akaongea Kisomali, maneno mengi, haraka haraka. Sikuwahi kumsikia akiongea lugha ya mama yake. Kisha akasimama akingoja nijibu.

Sikuelewa hata neno moja.

Nikaitikia kwa kichwa, "Haa, haa." Ndiyo, ndiyo. Akanitazama kidogo, akageuka, akamfuata baba yake.

Nimestaafu sasa. Madereva wa njia ya Elwak nimewauliza miaka yote, hakuna anayemjua. Kisomali nilikuja kujifunza, lakini maneno yake yameshanitoka. Imebaki sauti tu, nayo inafifia.

Nilichojifunza: mwalimu, kabla hujawapa watoto lugha ya mbali, chukua kwanza ya kwao.

Watu wa Elwak, na walimu mliofanya kazi huko, hebu nisaidieni. Mtoto anayehama asubuhi humwambia nini mwalimu wake?