Nililifuta Tawi la Mzee

Ndugu wasomaji, mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na huandika polepole. Lakini kosa ni langu, silikatai.

Nilikuwa msaidizi katika duka la kuchapa barua, Chang'ombe, hapa Dodoma. Kompyuta ilikuwa moja, na aliyeijua ni Dada Eliza. Ndiye aliyenifundisha. Mimi ni mwoga wa watu, lakini mbele ya kile kioo nilijiona bingwa!

Alinionyesha amri moja. Unaandika tree, unabonyeza, kioo kinachora makabrasha yote, yaani mafolda ya kuwekea kazi, kama mti, shina na matawi. Jamani, niliupenda ule mti!

Mzee mmoja wa Chamwino alikuwa akija kumwimbia Dada Eliza nyimbo zake za Kigogo, naye anachapa palepale. Wateja walitania, "Eliza, kwaya imehamia huku?" Mzee hajui kuandika, na ugonjwa ulishaanza kumsahaulisha. Alitaka wajukuu wabaki nazo.

Siku moja Dada Eliza katoka, kompyuta ikakataa kuhifadhi barua. Imejaa! Nikaita ule mti. Chini ya tawi lenye jina la mzee sikuona kitu. Nikajua ni tupu, nyimbo zimewekwa kwingine, nikalifuta kupata nafasi.

Kumbe amri ile huchora makabrasha tu! Yaliyoandikwa ndani haiyaonyeshi mpaka uiongezee herufi nyingine. Sikuijua, na niliona haya kuuliza.

Mzee alipofuata nyimbo zake, hakukuwa na hata moja. Bosi akawaka.

"Eliza, umefuta kazi ya mzee wa watu!"

"Bosi, sijafuta." Akanigeukia kwa upole. "Mdogo wangu, hukugusa?"

"Sikugusa, dada."

Ole wangu! Alifukuzwa palepale. Akijifunga kanga aliniambia, "Usiache kujifunza." Sasa yuko kwao Kolo, analima, na kiti chake nimekalia mimi.

Mzee bado anakuja kuuliza. Namwamkia shikamoo, anajibu, "Marahaba, mwanangu, zimeonekana?" Nashindwa kumtazama.

Vijana wenzangu, msilolijua ulizeni, hata mkichekwa. Na mkiharibu, semeni siku ileile! Kufuta lilikuwa kosa la kutojua. Kumdanganya dada yangu nilijua kabisa ninachofanya.

Nataka kusema, naogopa. Niandikieni kupitia gazeti hili: nianze kwa bosi, au niende kwanza Kolo? Hata mkinitukana, barua zenu nitazisoma zote.