Fundi Aliyejichorea Alama za Mionzi

Mtaa mzima ulimwita Bi Sentimita, na wala hakukasirika. Miaka thelathini nyuma ya cherehani, na nguo zake zilikaa mwilini bila ubishi. Kukata hakumwachia mtu. Binti yake alifanya kazi naye miaka sita na bado alikuwa wa kushona tu. "Ukikosea mshono unafumua," alimwambia. "Ukikosea kukata, utakiomba radhi kitambaa?"

Saratani ilipokuja ilimkuta na ujuaji wake uleule. Daktari alimtoa uvimbe kwenye ziwa la kushoto, kisha akamweleza habari ya mionzi. Seli za mwili hujigawa kwa adabu, alisema, zikitosha, zinaacha. Hizi zimesahau kuacha, na huenda nyingine zimebaki pale, ndogo mno kuonekana. Mionzi huharibu maagizo yaliyomo ndani ya seli. Seli nzima nazo huumia, ila hizo zikipewa muda hujitengeneza. Zile zenye pupa haziwezi kujitengeneza vizuri, basi hufa zikijaribu kujigawa. Ndiyo maana dozi hutolewa kidogokidogo, kwa siku ishirini na tano.

"Yaani mnafumua nyuzi mbovu, nzuri mnaziacha," akasema Bi Sentimita.

"Tukilenga palepale," daktari akajibu.

Mhudumu wa mionzi, msichana mpole mwenye miwani, akamchora alama tatu za wino: moja katikati ya kifua, mbili ubavuni. Akamwonya asizisugue, na zikififia aseme.

Siku kumi na moja zilikwenda salama. Jumapili, loo, mazoea yana taabu. Alioga huku akiwaza sare za shule alizoahidi wateja, dodoki mkononi, na alipofungua macho alama ya katikati ilikuwa imekwenda na povu. Wataanza upya, akajiambia, siku kumi na moja zote zimekwenda bure. Basi akachukua kalamu, akasimama mbele ya kioo, akajichora. Nani ampime yeye, anayepima watu?

Jumatatu akalala kwenye meza ya mionzi, mkono juu ya kichwa. Mstari mwekundu wa taa ukapita kifuani. Mhudumu akakunja uso kidogo.

"Leo umelala upande, mama? Hebu sogea kidogo."

Akasogea. Alijua fika kwamba hakulala upande. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa akiyaficha mbele ya mtu anayeyatibu. Upana wa kidole ni nini, alijitetea moyoni. Lakini yeye ndiye aliyewahi kuwafukuza mafundi wawili kwa upana huohuo.

"Mwanangu, usiwashe mashine," akasema. "Hiyo ya katikati nimechora mimi."

Mhudumu hakufoka. Alipima kutoka alama za ubavuni, akapima tena.

"Imehama sentimita mbili, mama. Tungeifuata, moyo wako ungepata mionzi isiyo yake."

Bi Sentimita akalia palepale, mkono bado juu ya kichwa. "Nilidhani mtanianzisha upya. Kila nikitoka humu najiambia, leo seli nyingine mbovu zimekufa. Nilizihesabu zile siku."

"Hakuna kuanza upya. Zilizokufa zimekufa. Leo tunapiga picha na kupima tena. Kesho ni ya kumi na mbili."

Nje, binti yake aliinuka kwenye benchi, akauliza mbona leo amekawia. Miezi minne yote jibu lilikuwa moja: niko sawa, twende kazini. Safari hii Bi Sentimita aliketi.

"Nilijichora alama mwenyewe, nikakosea," akasema. "Na naogopa kufa, mwanangu. Naogopa sana."

Binti akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Hata mimi naogopa, mama. Nilikuwa nangoja uanze wewe."