"Isipokuwa" Iliyobaki Bandani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kana kwamba mvua yake bado inapiga bati langu hapa Makambako. Nilikuwa sokoni, napanga viazi vyangu kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mkwe wangu Ezekia, mume wa binti yangu Neema. Walikuwa wanaishi huko ndani Lupembe, kwenye mashamba ya chai, mahali ambapo mtandao huupati hata upande juu ya mti.

Utauliza ujumbe ulifikaje. Walikuja wataalamu wakawawekea watu wa kule programu kwenye simu. Simu mbili zikikaribiana, zinapeana ujumbe zenyewe. Mwenye simu anambebea mwenzake bila kuusoma, mpaka akutane na simu nyingine. Tarishi mkuu alikuwa dereva wa lori la majani ya chai. Akisimama kwenye banda la kupimia majani, wanapokusanyika watu na simu zao, ujumbe wa kijiji unaingia kwenye simu yake. Akifika kiwandani penye mtandao, unatoka wenyewe kutufuata sisi. Niliwashangilia sana wataalamu wale, mdomo wangu ukafika mpaka masikio.

Ujumbe wenyewe ninao kichwani hadi leo: "Kamwene mama, shikamoo. Natumaini u mzima wa afya, pamoja na ndugu wote wa hapo. Nasi huku hatujambo"

Basi. Neema alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, nami roho ikatulia. Nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili, "Huyu mkwe ana adabu jamani, ananisalimia mpaka nasikia raha." Nikaendelea kuuza viazi.

Kesho yake simu ikalia tena. Ezekia tena. Safari hii hakukuwa na salamu: "isipokuwa Neema anatoka damu tangu asubuhi. Pikipiki zimeshindwa na tope. Tunaomba mama ututafutie gari."

Nilisoma nikarudia kusoma. Viazi vikamwagika, wala sikuviokota. Isipokuwa! Tangu asubuhi! Asubuhi ya jana, mwanangu, wakati mimi nasifia adabu!

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Programu ile ilikuwa inakata ujumbe mrefu vipande na kuvipeleka kimoja kimoja. Siku hiyo barabara ilikuwa tope tupu, dereva hakuthubutu kusimama bandani asije akazama, akapita polepole tu. Kipande cha kwanza ndicho kilichowahi kudandia lori. Zikaenda salamu, damu ikabaki bandani mpaka lori lilipopita tena kesho yake. Na Ezekia masikini, simu yake ilimwonyesha kwamba ujumbe umeondoka, akakaa barabarani kungoja gari langu.

Nilipata gari, tukaenda huku tukilisukuma kwenye tope. Njiani tukakutana na majirani wamembeba Neema kwenye machela ya miti. Neema tulimwahi. Mtoto hatukumwahi. Alikuwa wa kiume.

Tulipomaliza kumzika nilimwita Ezekia pembeni. "Mwanangu, kwa nini hukuanza na damu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Mama, ningeanzaje na damu kwa mama mkwe?"

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka sokoni, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilipokuwa msichana niliwahi kuingia ndani mbio, napiga kelele kwamba ng'ombe wa jirani wamo kwenye mahindi yetu. Mama akaninyooshea kidole mlangoni: "Toka, uingie tena kama mtu, usalimie." Nikatoka, nikaingia, nikasalimia, akaitikia yote, na ng'ombe wanakula. Kisa hicho tulikicheka miaka mingi. Sasa sikicheki.

Nilipoteremka stendi ya Makambako kutoka msibani, simu ikashika mtandao, ikalia. Kilikuwa kipande cha mwisho, nacho kilikuwa kinazunguka tu siku zote hizo: "Samahani sana mama kwa kukusumbua. Wasalimie wote."

Nilikaa chini palepale, na mizigo yangu, na watu wanapita.

Sasa nisikilize, mwanangu. Salamu sikukatazi, mimi mwenyewe usiponisalimia nitanuna. Lakini neno lako likitumwa mbali, likapitia mikono ya watu na njia usiyoijua, tanguliza kinachouma. Salamu zifuate nyuma. Hata zikipotea, hakuna mama mkwe atakayezidai mbele ya machela. Nawe ukipokea salamu tupu kutoka mahali penye tope, usifurahi haraka kama nilivyofurahi mimi. Rudisha ujumbe uulize: isipokuwa nini?

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu wa kukubebea neno lako, na lifike likiwa zima.