Mgeni wa Siku ya Nne

Nakumbuka barua moja, mwanangu. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino, hapa hapa Ijumbi, na nilipoimaliza niliisoma mara tatu kwa jinsi nilivyojipenda. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nusura imfukuzishe nchini mwanamke niliyempenda kama dada yangu.

Usicheke. Unanijua mimi bibi yako ninayetafuta miwani huku nimeivaa, lakini wakati ule nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Nilikuwa nimetoka shule ya masista kule Kashozi, na mwandiko wangu watu walikuwa wanaitana kuja kuutazama. Kina mama wa kijiji walipoanzisha kikundi chao cha ujamaa, wakanichagua kuwa katibu. Wote waliniita Ndugu Katibu, hata mama yangu mzazi, na mimi, Mungu anisamehe, niliitika.

Nalongo alitufikia mwaka huohuo. Alikuwa Mganda wa Masaka, na hilo jina kwao ni la heshima, la mama aliyezaa mapacha. Mumewe alikuwa amefariki, na mapacha wenyewe amewaacha kwa bibi yao, wako shuleni. Alishuka kwenye basi amejitwika cherehani ya mkono, akauliza njia kwa Kiganda chake ambacho sisi Wahaya nusu tunakisikia na nusu tunakikisia. Mama yangu akamkaribisha ndani, akamwekea kikapu kidogo cha kamwani, zile kahawa zetu za kutafuna ambazo mgeni haondoki bila kuzionja. Basi, jambo likaisha. Akawa mgeni wetu.

Kesho yake asubuhi alinifuata uani, maana aliambiwa mimi ndiye msomi.

"Katibu," akasema, "nasikia siku hizi mtu wa nje akitaka kufanya kazi hapa anaandikiwa kibali. Karatasi niliyopewa mpakani ni ya kutembea tu. Utanipeleka Bukoba nikaandikishwe?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Enzi za wazee wetu watu walivuka kwenda Buganda na kurudi kama mtu anayevuka kibanja cha jirani. Baada ya uhuru kila nchi ikaanza kujua watu wake na kuuliza habari za wengine, jambo ambalo si baya, maana hata wewe ukijenga nyumba unaweka mlango. Mimi hayo niliyajua. Nilikuwa nayasoma gazetini kila lilipotufikia. Lakini nilimshika mkono nikacheka.

"Kibali cha nini, Nalongo? Wewe ni mgeni wetu. Nani atakuja kumhoji mgeni wa mama yangu?"

Siku ya tatu kina mama wakaleta majora ya kitambaa cha sare za shule. Mimi nikatania kwa sauti ili wote wanisikie: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" Tulicheka mno. Nalongo naye akacheka, akaweka kitambaa chini ya sindano, akaanza kuzungusha mkono wa cherehani.

Aliuzungusha miezi mitano, mwanangu. Alishona sare za watoto wote wa shule, akashona magauni ya kina mama ya kuvaa kanisani, akashona na mapazia ya ofisi ya kijiji ambayo hakuna aliyeyaomba isipokuwa mimi. Wanawake walikuwa wanakuja kuchukua nguo zao wakiwa na mkungu wa ndizi, au maharage, au senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipoanguka. Kila mmoja alipokuwa anaondoka alisema, "Wakola, Nalongo." Ndiyo asante yetu ya Kihaya hiyo. Walimpenda kweli, na mimi nilimpenda kuliko wote. Upendo haukupungua hata kidogo, na ndiyo maana nakuambia habari hii.

Siku moja tu aliniuliza, polepole, macho yake yakiwa kwenye kitambaa. "Katibu, kule Masaka nilikuwa nalipwa kwa kila vazi. Hapa mnafanyaje?"

Nikaona aibu kwa niaba yake. Nilidhani amekosa adabu, maskini, kwa sababu hajui desturi zetu. "Kwetu mgeni halipwi," nikamwambia. "Kumlipa ni kumtukana."

Hakuuliza tena. Wiki kadhaa baadaye nilimkuta amekaa mkekani, pindo la gauni lake la kitenge limelala magotini, anavuta uzi taratibu na kuuviringisha kwenye kijiti. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema pindo lile limemchosha. Nikaamini, nikaenda zangu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wala sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa tu sijawahi kununua uzi.

Kisha ofisi ya wilaya ikataka kujua ni nani huyo mwanamke anayeshona Ijumbi. Nilifurahi, hebu fikiria! Niliona ni nafasi ya kuonyesha kalamu yangu. Nikaandika kwamba Ndugu Nalongo ni mgeni wetu mpendwa, kwamba anakaa kwetu kwa amani, na kwamba kwa moyo wa kijamaa ameshonea kijiji kizima bila kudai malipo yoyote. Nikaweka sahihi yenye mkia mrefu. Jumanne tukapanda basi la asubuhi, mimi na yeye, kuipeleka Bukoba kwa ofisa anayeshughulikia watu wa nje.

Alikuwa bwana mpole wa makamo, shati limepigwa pasi. Aliisoma barua hadi mwisho, akavua miwani.

"Binti, nani ameandika hii?"

"Mimi, mzee." Nilikuwa nangoja sifa.

"Mwandiko mzuri. Sasa nisikilize. Mgeni anatembea, anasalimia, anarudi kwao. Huyu unaniambia ni mgeni, halafu unaniambia ameshona miezi mitano. Hana kibali, na hana malipo. Hujamtetea. Umeniandikia mashtaka yake."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Karatasi ya kutembea ilikuwa imekwisha. Kwa sheria alipaswa kuvuka kurudi. Lakini kama Nalongo atajieleza mwenyewe kazi yake, na wale anaowafanyia kazi wakathibitisha kwamba wanamhitaji na watamlipa, yeye atalipokea ombi. "Leo Jumanne," akasema. "Nakusubiri hadi Ijumaa. Zaidi ya hapo siwezi."

Tulitoka nje. Mimi nililia njiani kama mtoto, na Nalongo, ambaye ndiye aliyekuwa anafukuzwa, ndiye aliyekuwa ananibembeleza. Hata leo nikikumbuka hilo naona haya.

Nilimpeleka Bilele, mtaa wa hapo hapo mjini, kwa Mzee Idi, fundi aliyekuwa anamshonea baba yangu kanzu. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Bukoba, na Kihaya alikisema kutupita sisi. Tukamwamkia, akatupisha kwenye benchi barazani, akaagiza chai. Nikamweleza yote nikifuta kamasi. Alipokuwa akisikiliza, macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye gauni la Nalongo.

"Mama," akamwambia, "hilo pindo umelifumua wewe mwenyewe?"

Nalongo akainamisha kichwa. "Uzi uliisha, mzee. Na watoto walikuwa wanafungua shule."

Mzee Idi alinigeukia. Hakunifokea. Angenifokea ningepona upesi.

"Binti, wewe umesoma. Methali inasema siku ya tatu mpe jembe. Mlimpa, vizuri. Siku ya nne je?"

Nikatazama chai yangu.

"Aliyeshika jembe siku ya nne si mgeni tena. Ni mfanyakazi. Nyinyi mlipotaka kazi mlimwona fundi, na yeye alipotaka haki yake mkamwona mgeni. Na kibaya zaidi, mnajua. Asante yenu Wahaya ni nini? Wakola. Maana yake umefanya, umefanya kazi. Mmemwambia kila siku kwa vinywa vyenu kwamba amefanya kazi, na hamkujisikia mnavyosema."

Akanywa chai kidogo. "Babu yangu alipendwa sana mji huu. Walimwita mgeni wetu mpaka siku wanamzika. Ni neno tamu, lakini lina baraza tu, halina chumba." Kisha akamwuliza Nalongo, kwa heshima, kama mtu anayeuliza jina kwa mara ya kwanza: "Wewe mwenyewe unataka uitwe nani?"

Nalongo hakufikiri hata kidogo. "Fundi," akasema. "Waniite fundi." Akaanza kulia, yeye ambaye hakulia mbele ya ofisa.

Mzee Idi akampa vigurudumu viwili vya uzi. Nilipotaka kumshukuru, akasema si zawadi, ni mkopo wa fundi kwa fundi, na atarudishiwa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa tofauti.

Jumatano kina mama walikusanyika kwetu. Nilisimama mbele yao bila karatasi. Nilipotaja malipo, mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukasirika.

"Nimlipe mtu anayelala nyumbani kwangu? Watu wataniitaje? Kwani tumemnyima nini?"

"Uzi, Ma," nikasema. "Mimi ndiye niliyemzuia kibali, na mimi ndiye niliyemziba mdomo. Uzi wake uliisha, akawa anafumua gauni lake mwenyewe ili amalize sare zetu."

Mdogo wangu alikuwa anacheza pale mlangoni amevaa sare yake mpya. Mama alimwita, akakunja ukosi, akautazama kwa karibu. Uzi ulikuwa wa rangi ya kitenge.

"Mae!" akasema kwa sauti ndogo. "Mwanangu anavaa pindo la mtu." Akakaa chini.

Hakuna aliyebisha tena. Walikubaliana bei ya kila vazi, na kwamba mtu atalipa siku anapokabidhiwa, siyo siku atakapojisikia. Ya miezi mitano wakaahidi kuyalipa kahawa ikiuzwa, na waliyalipa, ingawa mke wa mwalimu alikumbushwa mara mbili. Mimi nikaandika barua ya pili. Ilikuwa na mistari mitatu: kwamba Nalongo ni fundi cherehani kutoka Masaka, kwamba Ijumbi inahitaji kazi yake, na kwamba tutamlipa kwa kila vazi. Chini yake wanawake wote wakaweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Sahihi yangu safari hii haikuwa na mkia.

Ijumaa ofisa aliisoma, akamsikiliza Nalongo akijieleza mwenyewe, akalipokea ombi. Kibali kilichukua muda wake kutoka, kama karatasi zote, lakini kilitoka. Jina lake lilikuwepo, na mbele ya neno kazi paliandikwa: fundi cherehani. Nalongo alikisoma mle ndani ya basi kutoka Bukoba hadi Muleba tunaposhukia, akikunja na kukunjua, mpaka nikaogopa atakichana.

Malipo ya kwanza alinunua uzi, akarudisha vigurudumu viwili Bilele, kisha akashona pindo lake. Unajua nini kilichonishangaza? Tulidhani akilipwa atakuwa mbali nasi. Ndipo alipotuzoea. Akaanza kukataa chakula asichokipenda, akaanza kumtania mama yangu, na alipocheka sasa alisikika hadi kwenye mibuni. Kumbe miezi yote ile alikuwa anacheka kwa adabu, kama mtu anayekula cha watu. Alikaa nasi miaka minne. Alipokwenda kwa watoto wake alivuka mpaka mchana kweupe, karatasi zake mkononi, na tulimsindikiza kijiji kizima.

Sasa wewe, mwanangu, unafunga mzigo uende nchi ya watu, ukafanye hizo kazi zako za kompyuta, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sizielewi, ila najua nazo zina uzi wake. Nenda na haya. Kibali kwanza, kazi baadaye, hata kama mwenyeji wako anakupenda na anakuambia usijali. Anayekuambia usijali si yeye atakayerudishwa. Sema bei yako kabla hujakata kitambaa, na useme ukimtazama mtu usoni, maana kutaja bei si utovu wa adabu. Wakikupa chakula, kula na ushukuru, lakini chakula kiwe chakula na malipo yawe malipo. Ukiona umeanza kufumua pindo lako ili kazi ya mtu iishe, simama, useme.

Na siku mgeni atakapobisha kwako na ujuzi wake mikononi, usifanye kama mimi. Mpe kamwani, kisha mpeleke akaandikishwe. Mpende, na umlipe. Ukishindwa kufanya yote mawili, anza na la kumlipa.

Lete kichwa chako hapa nikishike. Mungu akutangulie njiani na akurudishe kwa njia ya mlangoni. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose jina. Ukifika huko wakuite mgeni siku mbili, wakukirimu, ufurahi. Ya tatu upokee jembe. Na siku ya nne, mwanangu, wakuite fundi.