Honi Alipopoteza Sauti

Kwenye kazi ya ujenzi walimwita Honi, kwa sababu akiwa chini aliweza kumkemea fundi wa ghorofa ya nne akasikika bila simu. Alikuwa msimamizi wa mafundi, mtu mzima mwenye wajukuu, na utani wake ulizidi ukali wake.

Sauti ilipoanza kukwaruza, alisingizia vumbi la saruji. Akanywa tangawizi, akasukutua maji ya chumvi, wapi! Mwishowe ukabaki mnong'ono tu, mafundi wakawa wanamwinamia kama watu wanaopewa umbea. Mkewe alimtania kwamba angalau sasa majirani watapumzika. Aliacha mzaha alipoona kila mumewe akinywa maji yanampalia, anakohoa hadi machozi yanamtoka. Wote wawili waliwaza saratani, ila hakuna aliyelitamka neno hilo.

Daktari wa koo alimpitishia kamera nyembamba puani. Kwenye skrini uzi mmoja wa sauti ulicheza, mwingine umelala tu. Koo lenyewe lilikuwa safi. Mke akashusha pumzi, kumbe mapema mno, maana daktari alitaka pia picha ya kifua. Aliwaeleza kwamba neva inayouchezesha uzi ule hushuka kwanza kifuani, ikapita chini ya ateri kuu, ndipo ipande kooni.

Picha ilionyesha ateri hiyo imetuna ubavuni kama tairi bovu, na uvimbe umeikandamiza neva. Ni nadra uvimbe wa aina hiyo kujitangaza kwa njia ya sauti, daktari alisema. Wengi hawajui kitu mpaka upasuke.

"Kwa hiyo sauti imeniokoa?" Honi alinong'ona.

"Kupotea kwake ndiko kumekuokoa, mzee wangu. Tusichelewe."

Walimwingizia mrija wa kitambaa kupitia mshipa wa kwenye paja, ukapandishwa hadi pale palipotuna, damu ikapata njia salama. Mkewe alisubiri kwenye benchi la korido na wifi yake, chai ikiwapoea mikononi. Muuguzi alipotoka na habari njema, mke aliinuka kwenye benchi. Akacheka na kulia kwa pamoja, wifi akamshikilia.

Sauti haikurudi upesi. Waliambiwa wasubiri miezi, na huenda isirudi yote. Kisha asubuhi moja Honi akaita kutoka bafuni, "Mama watoto, taulo!" Ilikwaruza, ikakatika katikati, lakini ilifika jikoni.

Mkewe akazima jiko, akaenda na taulo, akasimama nje ya mlango.

"Sijasikia vizuri," alisema. "Hebu rudia."

Akarudia.