Ufadhili wa Mkono Wangu wa Kulia

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka mwaka ule mke wangu alipofariki, na kwa muda mrefu niliamini ni huzuni tu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kama alivyokuwa baba yangu. Nashona kanzu, magauni ya sherehe na sare za shule. Mwanzoni mtetemo ulikuja nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Baadaye ulinifuata hadi kwenye mkasi. Siku chache kabla ya Idi nilikuwa nakata kanzu ya jirani yangu, mkasi ukaruka pembeni ukapasua kitambaa chote cha kifua. Nilimnunulia kitambaa kingine, akakipokea kwa adabu, akakikunja vizuri, akakipeleka kwa fundi wa pili.

Daktari wa hospitali ya Gihundwe aliniambia kwamba ugonjwa hauko mkononi, uko kwenye ubongo. Alinipa dawa. Dawa zilinituliza mkono kidogo na kunilaza usingizi juu ya cherehani. Niliporudi kwake mara ya tatu aliniuliza kama naweza kufika Kigali. Kulikuwa na watafiti huko, alisema, waliopata ufadhili wa kuboresha kifaa kinachowekwa ndani ya mwili. Kifaa hicho kina waya mwembamba unaoingia kichwani. Kinasikiliza umeme wa ubongo, kinauandika, na kikiona mtetemo unakuja kinapeleka umeme kidogo wa kuuzima. Walihitaji watu wachache wa kukijaribu.

"Na mimi ndiye wa kujaribiwa?" nikamuuliza.

"Ukikubali. Usipokubali, tunaendelea na dawa."

Nilifikiri kwa wiki mbili. Binti yangu pekee ameolewa Bugarama, kule kwenye mashamba ya mpunga, na mume wake anafanya kazi kwenye kinu. Nilimpigia simu. Akasema, "Papa, kichwa si cherehani, hakifunguliwi." Nilimwambia kwamba bila mkono mimi si fundi, na bila ufundi sijui mimi ni nani.

Kigali nilipokelewa na daktari wa utafiti, mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yangu mdogo. Mama yake alitoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka wetu, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Alinisomea karatasi zote, ukurasa kwa ukurasa, na kila mahali pa kutia sahihi alisimama na kuniuliza nimeelewa nini. Alipofika karibu na mwisho akasema, "Mzee, hii ufadhili ni ya miaka kidogo tu. Ikiisha, mi sijue nini itafuata. Nataka usikie hiyo kutoka kwangu."

Nilisema nimesikia. Kweli nilisikia, lakini nilisikia kama mtu mwenye njaa anavyosikia habari za kuosha vyombo.

Upasuaji wenyewe unafanywa ukiwa macho, ili waone mkono unavyojibu. Kichwa kilikuwa kimefungwa kwenye chuma, na sikuwaona watu, niliona mataa tu. Sauti ya daktari wangu ilikuja kutoka kushoto. Aliniomba nichore duara kwenye karatasi. Nilichora kitu kama mzizi wa muhogo. Wakasogeza waya. Nikachora tena, ikawa nafuu. Wakasogeza tena. Nikamwambia, "Dokta, duara si kazi yangu. Nipe sindano na uzi." Walibishana kidogo, kisha nikaletewa sindano kubwa butu na uzi mweusi. Niliinua mkono. Ulikuwa umetulia kama mkono wa mtu mwingine. Uzi uliingia tundu mara ya kwanza. Machozi yakanitoka na sikuweza kuyafuta, na nesi mmoja akanifutia.

Nilirudi Kamembe na kovu chini ya kofia na kijisanduku chini ya ngozi ya kifua, kama kipande cha sabuni kilichobaki. Nilianza kushona. Mwezi ule nilipokea kazi nyingi kuliko nilivyopokea tangu mke wangu afariki. Nilidhani maisha yamerudi yalipokuwa.

Kazi ilirudi. Watu hawakurudi.

Kila wiki nilitakiwa kuweka kifuani kipokezi walichonipa, kukiunganisha na simu, na kutuma yaliyorekodiwa Kigali. Nilikuwa nafanya hivyo dukani, mbele ya kila mtu, maana sikuona la kuficha. Ndani ya duka kuna benchi ambapo wanawake wanaosubiri nguo zao hukaa wakizungumza. Mambo mengi ya mji huu nimeyajua kutoka kwenye benchi lile: nani ameoa mke wa pili, nani amenyang'anywa bidhaa mpakani, nani ana mimba. Siku moja mwanamke mmoja alinitazama nikibonyeza simu, akauliza, "Papa, ile mashini inarekodi?"

"Inarekodi ubongo wangu."

"Na yenye ubongo inasikia, nayo inarekodi?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba inaandika mawimbi, si maneno, kwamba hata madaktari hawajui nafikiri nini. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Lakini wiki iliyofuata wanawake walikuja wakachukua nguo zao wakiwa wamesimama mlangoni. Kwenye hoteli ya chai pale karibu na soko, mazungumzo yalianza kupungua nikikaa. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenifukuza. Walinisalimia, wakaniuliza afya, wakazungumza juu ya mvua.

Mtu aliyeniambia wazi alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu ambaye huniuzia vikwembe, vile vitenge vya Kongo. Nilivuka mpaka kama kawaida, nikaonyesha barua yangu ya hospitali kwa askari ili wasinipitishe kwenye mashine ya ukaguzi, nikapanda hadi kwake. Akanifungulia mizigo, kisha akakaa juu ya mmoja.

"Ndugu yangu, batu banasema Bazungu banakusikilizia kichwani. Banasema ukikaa na muntu, maneno yake yanafika Ulaya."

"Na wewe unasema nini?"

"Mie nasema hata kama yanafika. Ulaya batafanya nini na bei ya bikwembe?"

Tulicheka pamoja, na nilipovuka daraja kurudi nilitambua kwamba sijacheka na mtu kwa miezi mingi.

Basi ikawa kwamba mtu aliyejua zaidi habari za siku zangu alikuwa daktari wangu wa Kigali, na alizijua kutokana na mistari iliyochorwa na kifaa. Kila Alhamisi alinipigia. Alikuwa na mistari mbele yake na alitaka kujua kila mahali palipopanda au kushuka nilikuwa nafanya nini. "Jumanne, saa nne asubuhi?" Nilikuwa naunga mikono ya gauni. "Jumatatu jioni?" Nilikuwa napandisha debe la maji. Wakati mwingine nilijikuta nafanya kitu na kusema moyoni, hiki nitamwambia Alhamisi. Nilinunua daftari nikaanza kuandika, nisisahau.

Alhamisi moja akaniuliza, "Mzee, Ijumaa, karibu saa tisa alasiri. Kuna kitu hapa sijawahi kukiona kwako. Ulikuwa unafanya nini?"

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa nimetoka msikitini, nimefunga mlango wa duka kwa ndani, nimekaa kwenye benchi la wateja. Nilikuwa nimekaa tu. Mke wangu alikuwa na desturi ya kuniletea chakula saa hiyo, akakaa pale pale akila na mimi kutoka sahani moja.

"Nilikuwa nakata kitambaa," nikasema.

"Sawa," akasema, na nikasikia vidole vyake vikiandika.

Uongo ule ulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Yeye aliamini maneno yangu, na juu ya maneno yangu alikuwa anajenga elimu. Lakini ningemwambiaje mtu kwa simu kwamba sikuwa nafanya kitu chochote, kwamba nilikuwa nimekaa?

Kisha akapiga siku ambayo si Alhamisi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulisema jambo lile kwa wengine kabla yangu. Wafadhili walikuwa wamebadilisha mipango. Ofisi ya utafiti ingefungwa. Kurekodi kungesimama. Kifaa kingeendelea kutuliza mkono hadi betri itakapokwisha.

"Na ikiisha?"

"Inatakiwa kubadilishwa kwa upasuaji. Sina pesa ya hiyo kazi. Naandika maombi mapya kwa wafadhili wale wale. Bamesema wanataka kusikia mgonjwa mmoja. Niliwaza wewe."

Nilipanda basi asubuhi, nikapita msitu wa Nyungwe wenye ukungu mpaka barabarani, nikafika Kigali nikiwa nimevaa koti nililojishonea. Chumbani kulikuwa na meza, jagi la maji, na kioo kikubwa cha video ukutani chenye nyuso za watu sita waliokuwa katika nchi zao. Daktari alizungumza kwanza, kwa lugha yao, akawaonyesha michoro. Nilielewa jina la nchi yetu na neno la betri. Kisha wakaniuliza maswali, naye akanitafsiria. Walikuwa na heshima. Mmoja, mzee mwenye miwani, aliuliza kama kuna njia ya kujua mkono ungekuwaje bila kifaa, maana labda ugonjwa umepungua wenyewe.

Daktari hakulitafsiri swali lile mara moja. Alipolitafsiri alinitazama na kusema taratibu, "Si lazima, Mzee."

"Zima," nikasema.

Alichukua rimoti akaisogeza kifuani pangu. Tulisubiri. Kwanza ilikuja kama baridi kwenye kiwiko. Kisha kidole gumba kikaanza, vingine vikakifuata, na baada ya muda mkono wote ulikuwa unapiga meza kama mtu anayebisha hodi. Nilichukua glasi ya maji kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa karibu. Maji yalimwagika kwenye koti, kwenye meza, kwenye karatasi za daktari. Sikuiweka chini. Nilitaka waone mpaka ibaki tupu.

Alipowasha tena na mkono ukatulia, waliniuliza kama nina la kuongeza. Sikuwa nimeandaa hotuba. Nikasema, "Mimi ni fundi. Nikipokea kitambaa cha mtu nikakikata, siwezi kufunga duka kabla sijakishona. Hata kama nimepata mteja mwingine mwenye kitambaa kizuri zaidi. Mlinikata mimi." Daktari alitafsiri. Sijui alitafsiri vipi, lakini yule wa miwani aliandika kitu na hakuinua uso kwa muda.

Daktari alinisindikiza kituo cha mabasi kwa miguu. Tulikaa kwenye ukuta mfupi tukisubiri, koti langu bado lina unyevu. Nilijua kwamba nisiposema wakati ule sitasema tena.

"Dokta, ile Ijumaa. Sikuwa nakata kitambaa."

"Nilijua," akasema. "Kukata nakujua. Kukata kuna sura yake."

"Mbona hukuniuliza tena?"

"Uliniambia hivyo, nikaandika hivyo, na pembeni nikaweka alama ya kuuliza." Akatazama magari. "Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za benchi na sahani, na kwamba mke wangu alipenda kuniachia nyama ya mwisho na kujifanya ameshiba. Alisikiliza bila kuandika. Mwishoni akauliza, "Nisahihishe?"

"Sahihisha."

"Niandike nini?"

"Andika, alikuwa amekaa."

Jibu la wafadhili lilichelewa sana. Kila nilipoweka sindano kwenye kitambaa nilijiuliza kama ni leo betri itakwisha. Hatimaye daktari alinisomea barua kwa simu. Wamekubali kufadhili kifaa kipya, kidogo zaidi, chenye kusoma ubongo kwa usahihi zaidi, kwa watu wapya. Kwetu sisi wa zamani wamekubali kubadilisha betri mara moja. Kurekodi hakumo. Ufuatiliaji wa kila wiki haumo. Na yeye mwenyewe alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, angeondoka baada ya upasuaji wetu.

"Umefanya kazi kubwa," nikamwambia.

"Si kama nilivyotaka, Mzee."

"Mkono upo," nikasema. "Mkono upo, Dokta."

Betri ilibadilishwa. Itanifikisha mbele kwa miaka kadhaa, na baada ya hapo sijui, wala yeye hajui. Kipokezi nilikirudisha kwenye boksi lake nikakiacha Kigali. Niliporudi dukani niliwaambia wateja kwamba kifaa hakirekodi tena. Niliwaambia bila kuulizwa. Haikuchukua wiki nyingi, benchi likajaa. Mwanamke yule wa kwanza alikaa akaanza kumsema shemeji yake kwa sauti kamili, na wengine wakamchochea. Mimi nilishona. Nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini niliona pia kwamba wanazungumza mbele yangu kama watu wanavyozungumza mbele ya cherehani. Hakuna aliyeuliza mimi nimeshindaje.

Alhamisi moja ya mwezi uliopita nilifunga duka mapema nikampigia binti yangu wa Bugarama. Aliuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna. Aliuliza kama naumwa. Nikasema siumwi.

"Unataka kujua nimefanya nini wiki hii?" nikamuuliza.

"Niambie, Papa. Napepeta mchele, lakini niambie."

Aliweka simu mahali fulani karibu yake. Nilifungua daftari langu nikaanza na Jumatatu: sare nne, kola mbili nilizozifumua, mvua iliyoingia chini ya mlango. Upande wa pili nilisikia mchele ukiruka na kuanguka kwenye ungo, mtoto akimwita, yeye akimjibu kwa Kinyarwanda, mchele tena. Sijui alisikia kiasi gani. Nilisoma Jumanne, nikasoma Jumatano, nikaendelea mpaka nikafika Alhamisi, siku ile ile.