Mnada Nyuma ya Darasa

Walimu wapya wa hapa Ilomba wakisikia kwamba niliwahi kufundisha aina za maneno kwa mchezo wa mnada, huniomba niwaonyeshe. Huwa nawaambia nimeusahau. Sijausahau, ninauchukia.

Ajira yangu ya kwanza ilikuwa shule moja ya bonde la Usangu, mimi niliyezoea baridi ya vilima vya Tosamaganga. Joto lilinikasirisha, na darasa la tatu likanimaliza kabisa. Watoto walikariri kama kasuku kwamba nomino hutaja na kitenzi hueleza tendo, lakini ukimwambia mmoja akutajie kitenzi, anakutazama tu. Nyumbani wengi waliongea Kisangu au Kisukuma. Kiswahili kilikuwa cha shuleni. Kulikuwa na binti wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, wa miaka tisa hivi, ambaye tangu shule ifunguliwe sikuwahi kusikia sauti yake. Hata shikamoo aliitoa kwa midomo tu.

Siku moja nilitupa chaki nikawatoa nje, nyuma ya darasa, tucheze mnada wa ng'ombe, jambo walilolijua kuliko mimi. Muuzaji ataje mnyama, hiyo ndiyo nomino. Aseme yukoje, tumepata kivumishi. Aseme anafanya nini, na anafanyaje, hapo kuna kitenzi na kielezi. Asiyekamilisha, ng'ombe wake anarudi zizini. Ng'ombe wenyewe walikuwa watoto wenzao, wakilia na kukwaruza ardhi kwa miguu mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

Binti yule alijitokeza mwenyewe. Alimshika mwenzake begani, akaitoa sauti nzito ya wauzaji: "Ng'ombe huyu mwekundu anatembea polepole kwa sababu ana mimba. Ukinunua mmoja, unapata wawili."

Watoto waliangua kicheko. Mimi nililia, tena mbele yao, wala sikuona aibu.

Tangu hapo hakunyamaza. Kilipofika kiangazi alikuwa akimtafsiria mama yake kule zahanati, na mgambo akija kuuliza habari za mifugo, yeye ndiye aliyemjibu. Nilijidai sana. Nilishaanza kumwona akiwa sekondari, na sketi yake ya bluu.

Kisha malisho yakaisha. Baba yake alikuja shuleni kuaga: wanahamisha ng'ombe, wanakwenda kusini, mbali. Sikushtuka, kwa kuwa walishasema zamani kwamba wakihama, binti atabaki kwa shangazi yake aliyeolewa pale kijijini, aendelee kusoma. Nikamwambia hata sare nitamshonea mimi. Baba alivua kofia, akatazama chini.

"Tulisema abaki, mwalimu, ni kweli," alisema. "Lakini huko hatujui mtu, na sisi wakubwa Kiswahili kinatushinda. Kila kijiji kina ofisa wake. Wewe umemfungua mdomo. Sasa yeye ndiye wa kutusemea."

Akanishukuru, na shukrani yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana iliniuma. Nilimwambia mtoto wa miaka tisa si wakili. Akakubali, akasema hana mwingine. Mwalimu mkuu alizungumza naye, mwenyekiti wa kijiji naye akajaribu, hakubadilika. Watu husema tenda wema nenda zako. Mimi nilibaki palepale, wema ndio ulioenda zake. Angebaki bubu, angebaki shuleni. Nimejaribu kulifikiria jambo hili kwa namna nyingine, na sijaipata hiyo namna.

Asubuhi ya safari binti alipitia darasani. Nilidhani amekuja kulia. Alikuja na swali.

"Mwalimu, ofisa akikasirika, nimwambieje ili asitufukuze?"

Ningefanya nini? Nilimfundisha. Aanze na shikamoo mheshimiwa, aseme sisi ni wapita njia, tunaomba maji ya mifugo, mashambani hatutaingia. Nikamwambia arudie. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na mimi moyoni nilimwomba Mungu mtoto ajikwae, hata neno moja, ili baba amwone bado hajaiva, amwache. Alirudia yote, taratibu, kwa heshima, bila kukosea. Baba yake akatabasamu, akamshika mkono.